Kosa la Paine lilikuwa bei ya kitabu

Thomas Paine hakuwa wa kwanza kuitilia shaka Biblia. Tangu 1670 Spinoza alikwisha kuandika kwamba Musa hakuviandika vitabu vitano vya kwanza vya Biblia. David Hume aliishambulia miujiza mwaka 1748, na mahakama haikumgusa. Edward Gibbon, mwaka 1776, alieleza kuenea kwa Ukristo kwa sababu za kibinadamu. Makasisi wakamjibu kwa vijitabu, naye akaendelea kukaa Bungeni.

Kwa nini basi kitabu cha Paine, The Age of Reason, kiliwapeleka watu jela?

Hoja zake hazikuwa kali kuliko za waliomtangulia. Katika sehemu ya pili, ya 1795, anauliza Musa alisimuliaje kifo na maziko yake mwenyewe katika Kumbukumbu la Torati 34. Anauliza tena imekuwaje Mwanzo 14 itaje Dani, ilhali Waamuzi 18 inasema mji huo ulipewa jina hilo baadaye sana. Wala Paine hakuwa mkana Mungu. Aliamini Mungu mmoja, na alisema aliandika ili Wafaransa, katika mapinduzi yao, wasije wakaitupa imani yote pamoja na makasisi wao.

Ila Gibbon aliandika kwa mabuku ya bei kubwa, na kejeli zake zilitaka msomaji aliyesoma. Paine, mtoto wa fundi, aliandika kwa lugha ya sokoni, na kitabu kikauzwa rahisi. Mwaka 1797 mwuza vitabu wa London, Thomas Williams, alishtakiwa kwa kukichapa. Mwendesha mashtaka, Thomas Erskine, ndiye aliyemtetea Paine mwenyewe miaka mitano kabla, katika kesi ya kitabu cha siasa. Safari hii alidai kwamba maskini ndio wanaohitaji zaidi faraja ya dini. Mimi naona hapo ndipo alipotoboa siri: tajiri aliachiwa mashaka yake, maskini akalindwa kwa kifungo.

Nakiri Paine alisoma vibaya. Alijisifu kwamba sehemu ya kwanza aliiandika bila Biblia mkononi, na mara nyingi anayabana mashairi ya manabii kama anayehoji shahidi kizimbani. Jean Astruc, tabibu Mfaransa aliyetaka kumtetea Musa, alikuwa na subira zaidi: mwaka 1753 aliyafuata majina mawili ya Mungu katika Mwanzo, akatenganisha masimulizi yaliyounganishwa. Wanatheolojia waliendeleza kazi hiyo. Lakini udhaifu wa Paine ulistahili jibu la kalamu, na Askofu Richard Watson alilitoa mwaka 1796. Serikali haikuridhika nalo.

Mwaka 1819 ikamshtaki Richard Carlile kwa kitabu hichohicho. Carlile akakisoma chote mahakamani ili kiingie katika kumbukumbu za kesi, na mkewe Jane akachapa mwenendo wa kesi na kuuza.