Fundi, usitupe shofaje ya zamani

Vijana wa Kasongo na Kabambare, na ninyi wazazi mnaowalipia kazi ya ufundi, mwezi huu tuongee juu ya shofaje, ni kusema kile kisanduku cha kupasha joto ndani ya motokari. Shofa akimwuliza fundi kazi yake ni nini, mara nyingi hujibiwa: "Toa tu, papa, sisi huku hatuna baridi." Tuyo zinakatwa, zinafungwa na kipande cha mpira, kisanduku kinatupwa. Je, ni vizuri?

Land Rover za kwanza zilitoka kiwandani Uingereza mwaka 1948. Wakati ule shofaje haikuwa lazima, aliyeitaka alilipa zaidi. Wengine walifunga baadaye ile ya kampuni ya Smiths. Kwa hiyo katika motokari za zamani utaikuta imefungwa kwa namna nyingi, lakini kazi yake ni moja. Maji yanayotoka kwenye mota, yenye joto la digri 80 hadi 90, yanapita ndani ya radiatere ndogo. Vantilatere inapuliza hewa juu yake, na joto linaingia mbele ya shofa.

Sasa fikiri vizuri: shofaje ni radiatere ya pili. Ukipanda mlima na mzigo mzito kwenda Kabambare, na sindano ya joto inaanza kupanda, fungua shofaje yote na vantilatere yake. Shofa atatoka jasho, ndiyo, lakini joto lile limetoka kwenye mota. Itakusaidia kufika mahali pazuri pa kusimama. Na kama sindano iko juu lakini shofaje inapuliza hewa baridi, hiyo ni alama mbaya: mara nyingi ni kwamba maji yamekwisha. Zima mota palepale. Ukiendelea, kulasi itapinda, na mota iliyokufa porini ni mzigo uliooza, mgonjwa ambaye hakufika hospitali, na deni kwa familia. Tena wakati wa mvua, hewa ya joto inaondoa ukungu kwenye kioo, shofa aone njia. Na anayepanda mpaka Bukavu, karibu metre 1500 juu ya bahari, atajua mwenyewe faida ya joto asubuhi.

Basi, namna ya kuitengeneza.

Kwanza, ngoja mota ipoe kabisa. Usifungue kifuniko cha radiatere cha moto hata siku moja, maji yataruka na kukuunguza uso. Kinga maji ndani ya beseni, usiyaache chini. Kama yana dawa ya kuzuia barafu, ni sumu yenye utamu, na watoto na mbwa huinywa.

Pili, toa kisanduku, tenga radiatere yake, na isukume maji safi upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka kutu yote itoke. Usitumie nguvu nyingi, shaba ya zamani ni nyembamba.

Tatu, ziba mdomo mmoja, izamishe ndani ya maji, na pulizia hewa polepole na pompi ya kinga. Mapovu yatakuonyesha tundu. Weka alama.

Nne, kausha, sugua mahali pale mpaka shaba ing'ae, ndipo ulehemu, au kama tunavyosema, usude. Bati halishiki uchafu. Ukimaliza, ijaribu tena ndani ya maji. Risasi iliyo ndani ya bati la kusudia ina sumu: fanya kazi nje, penye upepo, watoto wakae mbali, na nawa mikono mbele ya kula.

Tano, angalia mota ndogo ya vantilatere. Mara nyingi haikufa, makaa yake yamekwisha tu, au imekauka. Safisha, tia tone moja la mafuta, na usisahau fizibo kwenye waya wake.

Kama radiatere imeoza kabisa, usizibe tuyo na mpira. Unganisha ile inayokwenda na ile inayorudi ziwe tuyo moja, na ukaze na kola za chuma.

Neno moja juu ya Volkswagen Kombi za zamani: zile hazina maji. Joto lake linatoka kando ya bomba la moshi. Bomba likitoboka, moshi unaingia ndani, na una hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Hapo usifungue joto kabla ya kutengeneza bomba.

Vijana, ngojeni niwaambie jambo la mwisho. Bati la kusudia linatoka wapi? Linatoka kwenye kasiterite, yale mawe meusi ya Maniema yetu. Kampuni ya Symétain, iliyoanzishwa mwaka 1932, iliyachimba Kalima na Punia, na mpaka leo wandugu wanayachimba na kuyauza kwa kilo. Bati peke yake linayeyuka kwa digri 232. Likichanganywa na risasi sawasawa, linaanza kuyeyuka kwa digri 183, na moto mdogo wa fundi unatosha. Anayeuza mawe anauza mara moja, na bei inapangwa na mwingine. Lakini anayejua kuziba tundu moja katika shaba, shofa wa Kasongo atamtafuta, na wa Namoya pia, mvua na kiangazi.

Kwa hiyo, ukiona kisanduku kile kimetupwa nyuma ya garaji, kiokote. Anza na beseni la maji na pompi ya kinga.