Kabla ya Kununua Mashine ya Kutobolea

Kwenye kidole gumba changu cha kushoto pana kovu lenye umbo la mwezi mchanga. Nililipata nilipokuwa nikitoboa kibamba cha chuma huku nimekishika kwa mkono. Biti ilipokaribia kutokeza upande wa pili ilinasa, kibamba kikaanza kuzunguka pamoja nayo, na kabla sijaifikia swichi damu ilikwisha kutapakaa mezani.

Nalitaja jambo hili kwa sababu mtu anayetafuta mashine ya kutobolea ya kuweka katika karakana ya nyumbani huuliza kwanza nguvu ya mota. Kwa kazi za nyumbani, mota ya nusu nguvu ya farasi, yaani wati 370 hivi, yatosha. Swali la kwanza liwe hili: kazi itashikwa na nini? Fungu la jiliwa la kufunga juu ya meza ya mashine na litengwe kabla ya fungu la mashine yenyewe. Fedha hizi ni za nyumba nzima, na mama watoto ana haki ya kuuliza kwa nini zisiende kwenye sare za shule. Zikiwa hazitoshi vyote viwili, nunua mashine ndogo pamoja na jiliwa, uiache ile kubwa dukani.

Swali la pili ni la mwendo, na hapa ndipo wengi hupotea. Biti ya milimita 3 katika chuma laini yataka mizunguko 2,500 hivi kwa dakika. Ya milimita 10 yataka 800 tu. Na ya milimita 20 yataka 400. Mashine nyingi ndogo haziendi chini ya mizunguko 500. Kwa mbao si neno. Lakini anayekusudia kutengeneza mageti na madirisha ya chuma atachoma biti moja baada ya nyingine, makali yakifa kabla ya tundu kukamilika. Fungua kifuniko cha juu, utazame puli na mkanda, umwombe muuzaji akuonyeshe mwendo wa chini kabisa.

Ukienda Gerezani au kwingineko kutafuta mashine iliyokwisha kutumika, chukua biti mpya iliyonyooka. Ifunge katika kinywa cha mashine, uzungushe kwa mkono pole pole, ukitazama ncha yake. Ikiyumba, mhimili au kinywa kina kasoro. Kisha shika kinywa hicho ukitikise kushoto na kulia. Kikicheza, beringi zimelika. Rangi mpya isikudanganye. Tena soma kibati cha mota: ya Marekani ya volti 120 itaungua ikichomekwa moja kwa moja katika umeme wetu wa volti 230.

Kuhusu ukubwa, mashine iitwayo ya inchi 10 haina inchi 10 kutoka kwenye nguzo hadi kwenye biti. Ina 5 tu, kwa kuwa hesabu ni ya upana wa ubao unaoweza kutobolewa katikati. Mteja asiyeijua hesabu hiyo hulalamika akiwa amekwisha kulipa.

Kwa mwenye kutoboa mbao mara mbili tatu kwa mwezi, keekee ya umeme ya mkononi iliyofungwa katika kiunzi chake yaweza kumfaa. Kwa chuma siipendi. Kiunzi hupinda na tundu huenda upande.

Ukifika nyumbani, ifunge mashine mezani kwa boliti, kwani kichwa chake ni kizito na hupinduka kwa urahisi. Usivae glavu unapotoboa, wala shati la mikono mipana. Na mwenye kanga asogee mbali. Yangu nimeifunga kwa boliti nne, na swichi yake ya ukutani nimeipandisha asikoweza kufika mwanangu wa miaka sita. Juzi nilimkuta amesogeza kigoda.