Maradhi Yakiisha, Sindano za Watoto Zisisahauliwe



Wako wanaotuuliza, chama cha wafanya kazi kina habari gani na sindano za watoto? Twajibu: mtoto wa mfanya kazi akishikwa na surua, mshahara wa mwezi ule umekwisha, na pengine mtoto naye.

Tazameni yaliyowapata wenzetu wa Liberia, Sierra Leone na Guinea. Tangu 2014 hata 2016 Ebola iliwashika watu zaidi ya 28,600, ikaua zaidi ya 11,300. Katika hao waliokufa wamo waganga na wauguzi zaidi ya 500. Zahanati zikafungwa. Hata zilizobaki wazi, akina mama waliziogopa, maana huko ndiko watu walikoonekana wakiingia wasitoke. Watoto wa miaka ile wengi wakakosa chanjo ya surua, ya kifaduro na ya polio. Mwezi wa Mei 2015 Liberia ilitangazwa kuwa haina tena Ebola, na mwezi ule ule ikabidi wauguzi watoke nchi nzima kuchanja surua na polio. Guinea nayo ilipigwa na surua mwaka 2017.

Kongo ni karibu nasi zaidi. Ebola ya Kivu na Ituri, 2018 hata 2020, iliua watu wapatao 2,280, na dunia nzima ikasikia. Surua iliyokuwapo Kongo wakati ule ule iliua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Nani alisikia?

Sisi wa reli twalijua jambo hili. Daraja likichukuliwa na maji, wakubwa wote huja na picha hupigwa. Lakini genge linalokaza mataruma kila siku juani halina mgeni. Chanjo ni kazi ya genge. Dawa yenyewe yataka baridi ya digrii 2 mpaka 8, tangu bohari kuu hata mkononi mwa muuguzi kijijini. Friji ikizimika muda mrefu, dawa yaweza kuharibika. Tena kuizuia surua kwataka watoto 95 katika kila 100 wachanjwe, mara mbili. Themanini hawatoshi.

Basi twasema wazi: friji na pikipiki za msaada hazichanji mtoto. Achanjaye ni mfanya kazi. Oktoba 2014, Ebola ikiwa imepamba moto, wafanya kazi wa afya wa Liberia waliitisha mgomo wakidai posho ya hatari. Sisi hatuwalaumu. Anayetaka kujenga upya kazi ya chanjo na aanze na mishahara yao, ilipwe kwa wakati, hata wafadhili wakisha kurudi kwao.

Nasi Kenya tusijione tumepona. Mwaka 2017 wauguzi wetu walikaa nje karibu miezi mitano kwa ugomvi wa mkataba wao, na watoto wengi wakakosa sindano.

Surua huchanjwa mtoto akiwa na miezi 9, tena miezi 18. Hiyo ya pili ndiyo isahauliwayo sana, nasi twajua sababu: foleni ya kliniki ni kutwa nzima, na kibarua asiyefika kazini hukatwa ujira. Kwa hiyo kila tawi liwaendee wakubwa wa kazi, lidai ruhusa ya nusu siku yenye malipo kwa mzazi, mume au mke, anayepeleka mtoto kuchanjwa na kuonyesha kadi. Wajumbe walete majibu katika mkutano ujao, yawe mazuri au mabaya. Na leo jioni kila mwanachama azitazame kadi za wanawe. Iliyopotea isiwe sababu ya kukaa nyumbani. Mpelekeni mtoto hivyo hivyo.