Kusoma Herufi za Ukutani Hakutoshi

Ndugu msomaji, Jumapili hii tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hudhani tunalijua, nalo ni kupimwa macho. Mfanyakazi huenda hospitali, akaketishwa mbele ya kibao cha herufi, akafunika jicho moja na kusoma mpaka mstari wa chini. Kisha hurudi nyumbani akiwaambia jamaa zake kuwa macho yake ni mazima. Je, ni kweli? Kilichopimwa ni uwezo wake wa kuona siku ile. Jicho lenyewe halijachunguzwa kwa ndani.

Nyuma ya jicho umo utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea nuru na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Utando huo hulishwa na mishipa midogo ya damu, ambayo mtaalamu anaweza kuiona bila ya kupasua mahali popote. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo cha kuichungulia. Siku hizi iko pia kamera maalumu, inayoipiga picha kwa dakika chache bila ya kuligusa jicho. Picha hutunzwa, na mwakani hulinganishwa na mpya, hata badiliko dogo likaonekana.

Wanaohitaji picha hiyo kuliko wote ni wagonjwa wa kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, mishipa hiyo hudhoofika na kuvuja. Ubaya wa maradhi haya ni kwamba mwanzoni hayaumi wala hayapunguzi uwezo wa kuona. Dereva wa basi aweza kusoma namba ya gari lililo mbali, kumbe retina yake imekwisha kuanza kuharibika. Akingoja mpaka aone giza, huenda kilichopotea kisirudi tena. Yakigunduliwa mapema, kudhibiti sukari na shinikizo la damu, pamoja na tiba ya leza au sindano za jicho, huweza kumwepusha na upofu.

Huko Uingereza, mpango wa kuwapiga picha wagonjwa wa kisukari nchini kote ulianza mwaka 2003. Kabla yake, maradhi haya ndiyo yaliyoongoza kwa kuwapofusha watu wa umri wa kufanya kazi. Kufikia mwaka 2010 hayakuongoza tena, na wataalamu wanaona kuwa huenda mpango huo ulichangia.

Basi tufanyeje? Mwenye kisukari cha ukubwani achunguzwe retina mara tu anapogunduliwa, na kwa kawaida kila mwaka baada ya hapo. Mama mwenye kisukari akishika mimba, asichelewe. Ukitiwa matone ya kupanua mboni, macho yatakuwa na ukungu kwa saa kadhaa. Usiendeshe gari, na ufuatane na mtu. Kumbuka pia kuwa picha haipimi miwani wala presha ya jicho. Vipimo hivyo vina nafasi yake. Na ukiona ghafula vimulimuli, au kivuli kama pazia, nenda hospitali siku ile ile.

Ndugu msomaji, utakapokwenda kupimwa, uliza swali moja: "Je, nyuma ya jicho pametazamwa?" Usiondoke kabla ya kujibiwa.