Birika la Bethzatha na Barua ya Miezi Mitatu



Wapendwa taifa la Mungu, Injili ya Yohane, sura ya 5, yatufikisha penye birika la Bethzatha. Hapo alilala mtu aliyeugua miaka 38. Maji yalipotibuliwa hakuwa na wa kumtia majini, na wepesi wa miguu walimtangulia. Msaada ulikuwapo, ila kwa sharti ambalo mnyonge ndiye asiyeliweza.

Birika hilo limechimbwa upya Uingereza. Walemavu na wagonjwa waliokuwa wakipokea posho ya zamani ya ESA inayotegemea kipato walipelekewa barua: ombeni Universal Credit ndani ya miezi mitatu, la sivyo posho yenu itakoma. Serikali iliita jambo hilo kuwahamisha watu. Kwa kweli haikumhamisha mtu. Ilimtaka mgonjwa ajihamishe mwenyewe, kwa kawaida kupitia intaneti. Kisha malipo ya kwanza husubiriwa wiki tano. Posho ya zamani iliendelea kwa wiki mbili tu. Kwa wiki zilizobaki mwenye njaa hupewa malipo ya awali, nayo ni mkopo.

Watetezi husema kwamba mfumo mmoja badala ya posho sita ni rahisi, tena ipo nyongeza ya mpito ili asipungukiwe mtu. Urahisi huo ni wa nani? Nyongeza hiyo ilikuwa ya aliyeomba kwa wakati, nayo humomonyoka kadiri malipo mengine yanavyopanda. Ile nyongeza ya zamani ya mlemavu wa hali ngumu asiye na mtunzaji anayelipwa haina nafasi katika mfumo mpya. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa wanaume wawili wenye ulemavu mkubwa, waliopoteza takriban pauni 180 kwa mwezi baada ya kuhama makazi, walibaguliwa kwa kuachwa bila kinga. Serikali ilikata rufaa, ikashindwa mwaka 2020. Je, ni walemavu wangapi wana nguvu ya kwenda mahakamani?

Tena sheria ya mwaka 2025 imeweka kwamba, kuanzia Aprili 2026, wengi wa waombaji wapya walipwe sehemu ya afya ya takriban pauni 50 kwa wiki, wakati waliotangulia hupata karibu pauni 97. Wenye hali mbaya kabisa za kudumu na walio karibu na kufa wameepushwa. Waliobaki wataadhibiwa kwa kosa la kuchelewa kuugua.

Mwaka 1981, katika waraka wa Laborem Exercens, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba mlemavu ni mtu kamili mwenye haki zake. Basi haki haiombwi kama sadaka. Serikali inayo majina ya watu hawa, taarifa za ugonjwa wao na akaunti zao. Ilikuwa na kila kitu cha kuwahamisha bila wao kuinuka kitandani.

Nanyi mnaoishi huko, msiishie kulalamika. Mtafuteni jirani mwenye barua asiyoielewa, mketi naye, mjaze naye fomu. Yesu hakumwagiza yule mgonjwa aongeze mbio. Alimwendea pale alipolala.