Reli Hupita, Stesheni Hukaa: Askari na Ardhi ya Nchi Jirani

Kila inapotangazwa reli mpya au barabara kuu, dalali hufika mahali hapo kabla ya mhandisi. Huja na ramani mkononi, ramani yenye mstari mwekundu, na kuwaambia watu kwamba kiwanja kinachouzwa leo kwa bei ya ng'ombe kitauzwa kesho kwa bei ya nyumba. Wateja anaowapenda zaidi ni askari na polisi. Askari ana mshahara unaojulikana. Aidha, hupata fedha nyingi kwa mkupuo mara chache tu maishani: akirejea kutoka ulinzi wa amani ugenini, au siku anapokabidhiwa kiinua mgongo. Tena, askari yuko lindoni, hana nafasi ya kusafiri siku mbili kwenda kukagua kiwanja. Kwa hiyo hununua kwa simu, kwa picha na kwa maneno ya ndugu.

Maneno hayo yameongezeka uzito tangu Novemba 2024, ilipozinduliwa kule Tororo kazi ya reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala, kilomita 272. Kwa kuwa reli hiyo imekusudiwa kuungana na ile ya Kenya, na kwa kuwa bomba la mafuta yetu linaelekea Tanga, Mganda mwenye akiba anaweza kujiuliza kama haingekuwa busara kununua ardhi ng'ambo ya mpaka. Swali hilo si baya. Lakini hapana budi lijibiwe kwa mambo yaliyokwisha kuonekana, wala si kwa mstari mwekundu wa dalali.

Tuanze na historia. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ukingoni mwa ziwa, mahali paitwapo Kisumu hivi leo, mwaka 1901. Nairobi kabla ya hapo ilikuwa nyika yenye maji, Wamaasai wakinywesha mifugo yao. Wahandisi waliweka karakana na bohari pale kwa sababu mbele yao kulikuwa na milima na Bonde la Ufa, nao walihitaji mahali pa kujipanga kabla ya kupanda. Machakos, iliyokuwa makao ya serikali katika sehemu hizo, iliachwa kando na reli, na makao hayo yakahamia Nairobi. Leo kila mtu anajua ni upi kati ya miji hiyo miwili uliokua zaidi.

Fundisho la habari hiyo ni moja, nalo ndilo msingi wa makala haya. Reli ilipita katika mamia ya kilomita za nyika, na sehemu kubwa ya nyika hiyo imebaki nyika. Kilichozaa mji si mstari wa chuma bali ni mahali gari moshi liliposimama, watu wakashuka, mizigo ikapakuliwa na mafundi wakajenga vibanda vya kulala. Thamani ya ardhi haimo katika kupitiwa. Imo katika kusimamiwa.

Mambo ya siku zetu yanathibitisha hayo. Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, ilifunguliwa rasmi Novemba 2012. Ruiru na Juja, ambako watu walikuwa wakilima kahawa, kukajaa majumba ya kupangisha, kwa kuwa mfanyakazi wa Nairobi aliweza sasa kulala huko na kuwahi kazini asubuhi. Huko Dar es Salaam, Daraja la Kigamboni, lenye mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016. Kabla ya hapo mwenye gari aliyetaka kwenda Kigamboni alingoja pantoni, au azunguke safari ndefu. Daraja liliileta Kigamboni karibu na mji, ingawa lilikuja pia na ushuru wa kuvuka ambao mkazi aliupasa kuuhesabu katika gharama zake za kila siku. Katika mifano yote miwili, kilichopanda thamani ni ardhi ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifikia kwa muda mfupi zaidi kuliko jana.

Sasa linganisheni na reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwishoni mwa Mei 2017. Abiria hushuka katika vituo vichache kama Voi, Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Kati ya kituo na kituo, mwenye shamba huliona treni likipita kwa kishindo, lakini hawezi kulipanda wala kulipakia gunia moja la mahindi. Pengine tuta la reli limeligawa shamba lake, na ng'ombe wake sasa hutafuta kivuko cha chini ili wafike majini. Mtu huyo anaishi kando ya reli, lakini reli haimfai kitu.

Bomba la mafuta ni mfano ulio wazi zaidi. Bomba la kutoka Hoima hadi rasi ya Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo Tanzania. Ni bomba linalofukiwa ardhini. Bomba halina stesheni. Halimshushi abiria, halinunui mihogo ya mkulima, wala halimruhusu mtu kujenga nyumba juu yake. Kazi ya kulijenga huleta watu, nao hula na kupanga vyumba. Kazi ikiisha, huondoka. Palipo na shughuli ya kudumu ni pale mwisho, penye matangi na gati, na hata hapo ajira zinazobaki ni chache kuliko zile za ujenzi. Kwa hiyo anayeuziwa shamba katikati ya njia kwa sababu eti “bomba linapita hapa” ameuziwa maneno matupu.

Jambo la pili ni tofauti kati ya tangazo na kazi iliyokamilika. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Mnamo Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walikutana Lamu wakazindua mpango mkubwa wa bandari, barabara, reli na bomba. Ardhi ya Lamu ikatafutwa kwa pupa. Desemba 2013 vita vikazuka Sudan Kusini, nchi ambayo mafuta yake yalikuwa nguzo mojawapo ya mpango ule. Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufuta hati za ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimegawiwa makampuni 22. Aprili 2016 nchi yetu ikaamua kwamba mafuta yake yatapitia Tanga, wala si Lamu. Bandari yenyewe haikuachwa. Gati lake la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Barabara ya lami ya Isiolo hadi Moyale nayo ilikamilika na inatumika. Lakini aliyenunua mwaka 2012 akitazamia mpango mzima alipata vipande vyake tu, tena baada ya miaka mingi.

Bagamoyo ina kisa kama hicho. Makubaliano ya kujenga bandari kubwa yalitiwa saini mwaka 2013, na jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Kisha serikali ya awamu ya tano haikuridhika na masharti, na mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa hadharani. Hata baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kusema mwaka 2021 kwamba mazungumzo yatafufuliwa, jiwe la msingi halikugeuka gati kwa siku moja. Hata reli ya Kenya, ambayo wengi walidhani ingefika Malaba mara moja, ilifika Suswa Oktoba 2019 ikasimama hapo kwa miaka. Vita, uchaguzi, madeni na mabadiliko ya masharti huweza kuuhamisha mstari mwekundu au kuufuta kabisa, na hakuna atakayemrudishia askari kiinua mgongo chake.

Jambo la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, nalo ni sheria ya mgeni. Wako wanaosema kwamba, kwa kuwa sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mganda anaweza kununua ardhi Kenya au Tanzania kama mwenyeji. Sivyo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inasema katika kifungu chake cha 15 kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi vitafuata sera na sheria za kila nchi mwanachama. Kwa maneno mengine, mpaka wa ardhi haukufunguliwa.

Kenya, kwa kifungu cha 65 cha katiba yake ya mwaka 2010, humruhusu asiye raia kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Hata hati ikiandikwa kwamba amemilikishwa milele, sheria huihesabu kuwa ni ya miaka 99. Kampuni nayo haihesabiwi kuwa raia ila inamilikiwa yote na raia. Kwa ardhi ya kilimo masharti ni mazito zaidi. Tanzania, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, haimgawii asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa. Tusiyalalamikie hayo, kwani hata kwetu Uganda katiba ya mwaka 1995 humpa mgeni haki ya kukodi tu.

Basi mgeni hanunui ardhi; ananunua miaka. Akiuziwa kiwanja cha kukodi ambacho kimebakiza miaka 30, amenunua kitu tofauti kabisa na kiwanja cha jirani kilichobakiza 90, hata kama vyote viwili vinatazama stesheni moja. Na yule anayeikwepa sheria kwa kuandikisha kiwanja kwa jina la shemeji yake aliye raia wa huko hana kiwanja. Shemeji ndiye mwenye kiwanja. Siku shemeji atakapofariki au atakapokosana na dada yako, utakwenda mahakamani na hati isiyo na jina lako. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Liko pia jambo la nne, ambalo polisi hulifahamu kwa sababu mara nyingi ndiye hutumwa kulisimamia. Mahali panapojengwa miundombinu ndipo serikali inapohitaji ardhi. Novemba 2011, nyumba za Syokimau, karibu na Nairobi, zilibomolewa kwa madai kwamba zimejengwa juu ya ardhi ya uwanja wa ndege. Wenye nyumba walikuwa na karatasi mikononi, lakini karatasi hizo hazikuzuia tingatinga. Kwa hiyo kiwanja kilicho karibu mno na barabara kinaweza kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na bei yake ndogo ni onyo. Kiwanja kizuri kiko karibu kiasi cha kufika stesheni kwa miguu, na mbali kiasi cha kutoguswa barabara itakapopanuliwa.

Atatokea wa kusema: tukingoja mpaka kazi ikamilike, bei itakuwa imepanda. Ni kweli. Anayenunua baada ya treni kuanza kusimama hulipa zaidi kuliko aliyenunua siku ya tangazo. Lakini tofauti hiyo ya bei ndiyo gharama ya uhakika. Tajiri mwenye viwanja kumi huweza kucheza bahati nasibu. Vitatu vikipotea, saba vitamfidia. Askari mwenye kiinua mgongo kimoja hana cha pili cha kufidia. Hasara kwa tajiri ni somo. Kwa askari aliyestaafu ni uzee bila nyumba.

Askari hufundishwa kwamba ramani siyo uwanja, na kwamba kikosi hakiingii mahali kabla ya upelelezi. Na afanye vivyo hivyo kwa fedha zake. Aende mwenyewe, kiangazi na masika, aone kama maji yanatuama. Asimame hapo asubuhi na kuhesabu ni magari mangapi yanasimama, si mangapi yanapita. Aulize ofisi ya ardhi jina la mwenye hati, miaka iliyobaki na madeni yaliyowekwa juu yake. Aulize mamlaka ya barabara na ya reli mpaka wa hifadhi uko wapi, na apate jibu kwa maandishi. Amtafute wakili wake mwenyewe, asitumie wakili aliyeletwa na dalali. Mali bila daftari huisha bila habari.

Na kabla ya kuvuka mpaka, atazame nyumbani. Reli inayojengwa kutoka Malaba kuja Kampala nayo itakuwa na stesheni zake, na katika ardhi ya Uganda askari wa Uganda si mgeni wa miaka 99. Anaweza kuimiliki na kuwarithisha wanawe. Akiisha kulipima hilo na bado akaona kwamba penye manufaa zaidi ni Voi au Tanga, aende kwa haki yake kama mgeni, kwa jina lake, na kwa macho yake mwenyewe.