Beringi ndogo inavyokula msimu wa mpunga Kilombero

KWA mkulima wa mpunga wa Namawala, kijiji kilichopo magharibi mwa Ifakara katika Bonde la Kilombero, siku za kuandaa shamba ni chache. Ardhi ikiwa kavu ni ngumu kama tofali, na mvua zikikolea mbuga hujaa maji kiasi cha kuzuia mashine kuingia. Pawatila au trekta ikisimama katika siku hizo za katikati, hasara yake haipimwi kwa bei ya spea pekee. Inapimwa kwa ekari ambazo hazikulimwa.

Mara nyingi kinachoisimamisha ni kitu kidogo kinachoenea kiganjani: beringi ya shafti ya gurudumu au ya gia boksi. Huuzwa kwa bei ndogo ukilinganisha na mashine yenyewe. Hata hivyo, ikipuuzwa huharibu shafti, meno ya gia na hatimaye ganda la gia boksi, vitu ambavyo kuvipata huweza kuchukua wiki kadhaa na fedha nyingi.

Suala hili lina uzito wa kitaifa. Tangu Rais Jakaya Kikwete alipozindua Kilimo Kwanza mwaka 2009, taifa limeingiza matrekta na pawatila kwa njia mbalimbali, ikiwa ni pamoja na mkopo wa Dola za Marekani milioni 40 kutoka India, ambao ulileta matrekta yaliyouzwa kupitia SUMA JKT. Baadaye ukaja mradi wa kuunganisha matrekta ya Ursus ya Poland katika eneo la TAMCO, Kibaha, chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Katika miaka ya karibuni Wizara ya Kilimo imetangaza mpango wa vituo vya kukodisha zana. Katika awamu zote hizo swali la wakulima limekuwa lile lile: mashine ikiharibika, spea itapatikana wapi?

Kisa cha Ursus kinafundisha. Kampuni mama ya Poland ilitangazwa kufilisika mwaka 2021, huku matrekta yake yakiwa tayari mikononi mwa wakulima Tanzania. Anayenunua mashine ananunua pia uhai wa kiwanda kinachoitengenezea vipuri. Kiwanda kikiyumba, mwenye mashine naye huyumba.

Lakini beringi ni tofauti na spea nyingine, na hapo ndipo mkulima ana nafasi ya kujinasua.

Namba inayozungumza

Gia, kifuniko cha gia boksi au shafti ya pawatila hutengenezwa kwa ajili ya mashine ya aina moja. Beringi nyingi hazipo hivyo. Zinatengenezwa kwa vipimo vya kimataifa, na vipimo hivyo vimefichwa katika namba iliyochongwa pembeni mwa ringi.

Chukua beringi yenye namba 6205. Tarakimu mbili za mwisho, yaani 05, zikizidishwa kwa tano hutoa 25, ambacho ndicho kipenyo cha tundu la ndani kwa milimita. Beringi hiyo ina kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe imetengenezwa Sweden, Japani, India au China. Namba 6206 ina tundu la milimita 30, kipenyo cha nje milimita 62 na unene milimita 16. Namba 6306 nayo ina tundu la 30, lakini ni nene na pana zaidi, yaani 72 kwa 19, kwa sababu imekusudiwa kubeba mzigo mkubwa zaidi.

Herufi zinazofuata namba nazo zina maana. Alama ya 2RS huonyesha kwamba beringi ina vifuniko vya mpira pande zote mbili, ZZ ni vifuniko vya bati, na C3 ina nafasi kubwa kidogo kati ya gololi na ringi kuliko ya kawaida. Beringi inayooshwa na oili ndani ya gia boksi haihitaji vifuniko; inayokaa nje, karibu na vumbi na tope, inavihitaji.

Maana yake ni kwamba mwenye pawatila ambayo wakala wake alifunga duka miaka mitano iliyopita bado anaweza kupata beringi sahihi Ifakara, Morogoro au katika maduka ya Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, mradi anaijua namba. Asiyeijua hulazimika kusafiri na beringi iliyovunjika mfukoni. Na ikiwa imesagika kiasi cha namba kufutika, atarudi na ya kubahatisha.

Hesabu ya mwenye mashine

Tuchukue mfano wa mwenye pawatila anayelima kwa kukodishwa. Tuseme anatoza Sh60,000 kwa ekari, na baada ya kutoa dizeli na posho ya dereva anabakiwa na Sh35,000. Akilima ekari mbili kwa siku, kila siku ya kazi humpa Sh70,000.

Akigundua mapema kwamba beringi imeanza kulia, gharama zake zinaweza kuwa hivi: beringi Sh20,000, sili ya oili Sh5,000, oili mpya Sh20,000 na ufundi Sh30,000. Jumla ni Sh75,000. Kazi hiyo ikifanywa kabla ya msimu hapotezi hata siku moja ya kulima.

Akiendelea kulima mpaka beringi ivunjike, gololi na vipande vya chuma huingia kwenye gia. Sasa atahitaji zile Sh75,000, tena aongeze shafti na gia, tuseme Sh350,000, na asubiri siku 10 spea zitoke Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 400. Siku hizo 10 zina thamani ya Sh700,000. Jumla inafika Sh1,125,000, yaani mara 15 ya gharama ya kwanza. Bei hubadilika kutoka mahali hadi mahali, lakini kila mwenye mashine akiweka namba zake mwenyewe ataona kwamba kinachomwumiza zaidi ni siku za kusubiri.

Kuna pia hasara isiyoingia katika daftari lake. Mkulima aliyekuwa kwenye foleni ya kulimiwa hupanda kwa kuchelewa, au hurudia jembe la mkono na kulima sehemu tu ya shamba lake. Hata mbegu bora kama SARO 5 haiwezi kufidia siku zilizopotea.

Kwa nini hufa mapema

Beringi hazizeeki kwa umri pekee. Katika mashamba ya mbuga adui wa kwanza ni maji na tope. Nyasi, kamba na mabua ya mpunga hujiviringisha kwenye shafti karibu na gurudumu, hukata mdomo wa sili ya oili, na kuanzia hapo oili hutoka huku maji yakiingia. Oili ya gia boksi ikionekana kama chai ya maziwa, maji yameshaingia. Ikiwa na vumbi la chuma linalong'aa, kuna kitu kinasagika.

Adui wa pili ni mzigo. Wakati wa kiangazi pawatila nyingi hugeuzwa kuwa gari la kubebea magunia, matofali na kuni. Wahandisi wana kanuni inayopaswa kukumbukwa na kila mwenye tela: kwa beringi za gololi, mzigo ukiongezeka mara mbili, maisha ya beringi hupungua mara nane. Hata kuzidisha mzigo kwa asilimia 10 tu hupunguza maisha yake kwa takriban robo. Gunia la ziada linalobebwa bure leo hulipwa kesho dukani.

Adui wa tatu ni ufundi wa haraka. Beringi mpya ikipigwa nyundo moja kwa moja, gololi huacha vishimo kwenye njia yake na huanza kulia baada ya siku chache. Kanuni ni rahisi: inapoingizwa kwenye shafti, nguvu iwekwe kwenye ringi ya ndani, inapoingizwa kwenye nyumba yake, nguvu iwekwe kwenye ringi ya nje. Kipande cha bomba chenye kipenyo sawa na ringi hufanya kazi hiyo vizuri mahali pasipo na presi. Kupiga vishimo kwa tindo kwenye shafti iliyolika ili beringi ishike ni kuahirisha tatizo, na kurudisha sili ya zamani kwenye beringi mpya ni kuikaribisha tope tena.

Kumkagua mgonjwa hakuhitaji vifaa vya gharama. Mashine iinuliwe, gurudumu litikiswe juu na chini, kisha lizungushwe kwa mkono. Likicheza, likikwaruza, au sehemu yake ikipata joto kupita kawaida baada ya kazi, beringi iangaliwe. Kanuni hii haibagui: inahusu trekta, mashine ya kukoboa mpunga, na hata vile vijiko vidogo vya kupakia vinavyogeuka kwa kupunguza mwendo wa magurudumu ya upande mmoja, ambavyo beringi za ekseli zake huumia kwa kila kona.

Nafasi ya biashara

Kwa wafanyabiashara wadogo wa Ifakara hapa kuna soko. Kwa kuwa namba chache hutumika katika mashine nyingi, duka halihitaji mtaji mkubwa kuweka beringi na sili zinazotakiwa zaidi. Kinachohitajika ni kuuliza wenye pawatila wa Namawala, Idete na Mbingu ni namba zipi zinazoisha, na kuziagiza kabla ya mvua, si baada ya mashine kusimama.

Muuzaji huyo atakabiliwa na kishawishi cha beringi bandia, zenye boksi la jina kubwa na chuma dhaifu. Bei iliyo chini mno kuliko ya wengine na maandishi yanayofutika kwa kidole ni dalili za kutiliwa shaka. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kushughulikia bidhaa bandia, lakini mnunuzi aliye mbali na Dar es Salaam analindwa kwanza na uaminifu wa duka analolijua. Aadai risiti yenye namba ya beringi.

Wenye mashine nao wana la kufanya kwa pamoja. Wamiliki watano au sita wakichangia boksi moja la akiba, lenye beringi mbili za kila namba, sili zake na kifaa cha kuvutia beringi, hakuna atakayesimama kwa siku 10. AMCOS na vikundi vya kuweka na kukopa vinaweza kuanzia hapo kabla ya kufikiria kukopea trekta jipya.

Upande wa serikali na halmashauri, somo ni kwamba mkataba wa kununua zana usiishie kwenye idadi ya mashine. Uoneshe orodha ya namba za beringi na sili, akiba ya spea zisizo na mbadala, na mafundi waliofundishwa karibu na shamba. VETA na SIDO zipo kwa ajili ya kazi ya aina hiyo. Vituo vya kukodisha zana vikianza bila akiba hizo, vitapimwa kwa wingi wa matrekta siku ya uzinduzi, na miaka michache baadaye vitapimwa kwa wingi wa yaliyoegeshwa chini ya miembe.

Kwa mwenye pawatila wa Namawala, kazi ya kwanza haina gharama: siku mashine inapofunguliwa kwa matengenezo, asome namba ya kila beringi na kuiandika kwenye daftari kabla haijafutika.